Mwenye Moto wa Mlima Nyenze

Tuelewane kwanza. Miaka minne nimekalia kiti cha msoma moshi wa kata ya Lindigwa, na sijawahi kuuandika moto kwa jina lisilo lake. Mioto mia moja na kumi na tatu nimeiandika. Aliyechoma akitafuta panya buku, nimemwandika. Aliyesahau mafiga yanawaka shambani, nimemwandika. Shemeji yangu mwenyewe nimemwandika, na mpaka leo nikienda kwake napewa kigoda chenye miguu miwili. Wenzangu wa kata za jirani wana marafiki, wana woga, wana huruma. Mimi, Yoeli Chibago, nina pua.

Sasa nisikilizeni.

Jumanne ile, mwezi wa sita, redio ilinikoromea kifuani kabla sijanawa uso. Mizani, mtambo unaopima moshi wa kata zote, ina sauti ya mwalimu wa kike asiyejua kuchoka. Iliniambia nguzo zote sita za Lindigwa zimenusa umande alfajiri, nyasi zina unyevu wa kutosha, dirisha la kuchoma, yaani muda wa ruhusa, limefunguliwa na litafungwa kesho jua likizama. Nikaitikia "Sawa, Mama Mkubwa," kama kawaida yangu. Haijawahi kucheka, lakini mimi sikati tamaa.

Nguzo zenyewe ni nyembamba kama mianzi, na juu ya kila moja kuna pua ya chuma. Hewa ukaa haziishughulikii sana, maana ile inayotoka nyasini huvutwa tena na nyasi mvua zikirudi. Zinazowindwa ni methani na oksidi ya nitrojeni, hizo zikishapanda hazirudi kwenye jani lolote, zinabaki huko juu zinaipasha dunia. Kila kata ya nyanda kame imepewa fungu lake la moshi huo kwa mwaka. Ndiyo maana tunachoma mapema. Moto wa mwezi wa sita unakula viraka viraka, unaruka penye majani mabichi, ukifika usiku unalala wenyewe kwa umande. Usipochoma mwezi wa sita, mwezi wa kumi radi au mjinga mmoja atakuchomea, na hapo zitaungua nyasi, magogo, miti iliyo hai na fungu lote la kata. Kata iliyomaliza fungu inafungiwa pori miaka saba: ng'ombe nje, mizinga nje, kuni nje. Ikwala, jirani zetu, walifungiwa. Siku hizi Ikwala ina mbwa wengi kuliko watu.

Kuchoma si kazi yangu. Kila kata ina mwashaji mmoja aliyeapishwa, na wetu alikuwa mjomba wangu, Ndahani Msanjila, kaka wa marehemu mama. Mrina asali, miaka hamsini na sita, mbishi kuliko punda wa kijiji. Alikuwa na mizinga sabini kwenye Mlima Nyenze, na katika miaka yote ya Mizani moto wake haujawahi kuliona jua la pili.

Nilimkuta huko juu, kandambili zake amezishika mkononi, anatembea nyasini kama anayetafuta sindano.

"Vua viatu," akaniambia, badala ya salamu.

Nikamjibu kwamba miguu yangu ni mali ya serikali, haiwezi kutembea ovyo. Hakucheka. Alinyanyua unyayo wake akanionyesha. Ulikuwa na vumbi tu. Ilikuwa saa moja ya asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia, na mtu aliyekwisha kutembea nyasini toka alfajiri ana miguu mikavu kama ya kuku.

"Namba sita yako imesema kuna umande?"

"Imesema, Mjomba."

"Basi ije itembee hapa."

Akaniambia umande wa mlimani umeondoka mapema mwaka huu, hajui kwa nini, ila umeondoka. Moto ukiwashwa saa kumi jioni kama desturi, usiku ukija hautakuta kitu cha kuulaza. Alikuwa amekwisha kupanga: yeye na binti yake Sechelela, na yeyote atakayejitolea, watalima barabara ya kuzuia moto kuuzunguka mlima kwa jembe, na tutaomba mwezi wa kumi utupite salama. Nikamkumbusha kwamba mlima ule una mzunguko wa kilomita ishirini na yeye ana mgongo mmoja. Nikamwambia mwezi wa kumi utamkuta kwenye kona ya kwanza, ameegemea jembe, anajadiliana na kiuno.

"Mimi siwashi kitu ambacho siwezi kukiacha nikaenda kulala," alisema. Akavaa kandambili zake akashuka.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo sikumwambia. Nguzo namba sita haikuwa mlimani. Ilikuwa mlimani mpaka mwaka jana. Kuipandia ilikuwa saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kila wiki, kwa ajili ya kuifuta masizi puani. Siku moja niliing'oa nikaishusha bondeni, mita hamsini kutoka barabarani, karibu na dimbwi wanakonywea ng'ombe, nikajiambia ni kwa wiki moja. Umande iliounusa Jumanne ile ulikuwa umande wa dimbwi. Nililijua hilo nikiwa nimesimama mbele ya unyayo wa mjomba. Kulisema kungenigharimu kazi. Na kulinyamazia, wakati ule, kulionekana hakugharimu kitu.

Nikishuka nilikutana na Kalunde, fundi wa pampu za maji, Mnyamwezi aliyekuja na mitambo akaota mizizi. Wanyamwezi na sisi Wagogo ni watani toka zama za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe.

"Mnusa moshi," akasema, "leo umenusa nini?"

"Naona Tabora imehama na harufu yake."

"Hiyo ni sharubu zako. Zioshe."

Tukaachana tukicheka. Sikuwa na jambo lolote moyoni, nawaapia.

*

Jumatano nilishinda ofisini natazama saa. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu kwenye ukuta kwa chaki. Mlima Nyenze ukichomwa sasa, viraka viraka, utakula sehemu moja ya kumi ya fungu letu. Ukingoja mwezi wa kumi, utalimaliza lote na kudai zaidi. Kaya mia nne zinaishi kwa pori lile. Mjomba alikuwa mtu mmoja mwenye miguu mikavu. Na kweli, mlima ulikuwa mkavu kiasi gani? Nguzo hakuna huko. Hakuna aliyepima, ila unyayo.

Mnaona jinsi mtu anavyojishawishi. Niliondoa nguzo, kisha kutokuwepo kwake nikakufanya ushahidi.

Saa kumi jioni nilikuwa chini ya mlima na mwenge wa magome, kama nilivyomwona mjomba akifanya toka nikiwa mdogo. Unatembea upepo ukiwa usoni, unagusa nyasi hapa, unaruka hatua kumi, unagusa pale. Moto ulishika vizuri, mwembamba, wa kurudi nyuma kinyume cha upepo, wenye moshi mweupe. Ukala kiraka ukaacha kiraka. Nilipiga mluzi. Nilijiona nimewaokoa watu wa kaya mia nne, na nikawa tayari natunga namna ya kumtania mjomba kesho yake.

Jua likazama, na umande haukuja. Uliokuja ni upepo, na ulitoka upande mwingine.

Usiku huo sitausimulia.

*

Asubuhi mlima ulikuwa mweusi mpaka kileleni, na magogo bado yanavuta taratibu, moshi wa njano, ule mbaya kuliko wote, maana kinachofuka bila kuwaka kinatoa methani nyingi zaidi. Tulipanda watu kama thelathini na matawi mabichi ya kupigia. Kalunde alikuwepo, uso umejaa masizi, hasemi na mtu. Sechelela alitutangulia wote. Anapajua kila mzinga wa baba yake ulipo, na alikuwa anakimbia kutoka mti hadi mti, akifika anatazama juu, anatazama chini, anakwenda.

Tulimkuta mjomba kwenye korongo la upande wa pili. Moto wenyewe haukumgusa. Ulikuwa ni moshi. Amelala kifudifudi, amekumbatia mzinga mmoja, nyuki wamekufa wamemzunguka kama punje za mtama. Inaelekea usiku aliona mlima unawaka akapanda peke yake, akaanza kuishusha mizinga mmoja mmoja. Ishirini na mbili alikwisha kuishusha, imepangwa kwenye mchanga wa korongo, midomo imeelekezwa upande mmoja.

Sechelela alikaa chini akaweka kichwa cha baba yake pajani. Alianza kumtoa nyuki masikioni.

Na redio ikanikoromea kifuani, hapohapo, mbele ya watu. Nikakimbilia pembeni.

"Moto namba mia moja na kumi na nne," Mizani ilisema. "Mlima Nyenze. Umekula sehemu saba za kumi za fungu la Lindigwa. Anga halikuwa na radi. Taja mwashaji kabla ya saa sita mchana."

Sheria yake ni fupi. Kila moto una mwenyewe, na jina analiandika msoma moshi, kwa sababu pua ya chuma inaweza kupima kila kitu ila nani. Mwashaji aliyeapishwa akiharibu, kaya yake inatolewa porini miaka saba, kaya yake tu. Lakini ikithibitika kwamba moto umewashwa na msoma moshi mwenyewe, basi vipimo vyake vyote vinahesabiwa kuwa ni uongo, na kata nzima inafungwa. Siku naapishwa kifungu hicho kilinichekesha. Nikamuuliza ofisa, ni mjinga gani atakayechoma anachokipima.

Nilikaa juu ya jiwe la moto mpaka suruali ikaanza kuniunguza, na sikunyanyuka. Niliwaza kaya mia nne. Niliwaza wazee wa Ikwala wanaokuja kwetu kuomba kuni. Nikawaza kwamba maiti haifukuzwi porini. Kwamba mjomba mwenyewe, angeulizwa, angesema andika, mwanangu, kuliko watu wote kuhama. Pengine angesema hivyo. Sikumuuliza akiwa hai, sasa namjibia akiwa amekufa.

Nikajaribu kuwaza na upande wa pili, na huo ulikuwa na mtu mmoja tu. Sechelela hana ng'ombe. Hana shamba la maana. Ana mizinga, ile ishirini na mbili, na ujuzi wa miaka ishirini wa kumfuata baba yake mlimani. Akitolewa porini ana mikono mitupu. Na jina la Ndahani Msanjila, mtu ambaye moto wake haukuliona jua la pili, litatajwa katika mafunzo yote ya wawashaji kama mfano wa kutofuatwa.

Mmoja kwa mia nne. Hesabu nyepesi, hata chaki haihitaji. Ila mimi nilikuwa miongoni mwa hao mia nne, tena nimekaa mbele, na hilo sikuliandika ukutani.

Wakati nikiwa bado kwenye jiwe, Sechelela alinifuata. Mikono yake ilikuwa na majivu hadi viwikoni.

"Kaka Yoeli," akasema, "watu wanasema ni baba aliwasha. Wanasema dirisha lilikuwa linafungwa, akaona aibu. Lakini jana saa kumi baba alikuwa nyumbani ananoa jembe. Wewe una mitambo. Hebu angalia itasema nini."

Nikamwambia nitaangalia. Nikatazama kioo cha redio kwa muda mrefu, kana kwamba kuna kitu ninasoma. Kisha nikamwambia kwamba mitambo haidanganyi, na kwamba huzuni humvuruga mtu saa. Nilisema kwa upole sana. Yeye akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akasema basi huenda amechanganya. Aliniamini. Mimi ndiye niliyemwandika hata shemeji yangu, nani angenitilia shaka.

Saa tano na nusu nilitaja jina.

"Ndahani Msanjila. Una uhakika?" Mizani iliuliza. Inamuuliza kila mtu hivyo.

"Nina uhakika."

"Asante kwa uaminifu wako," ikasema. Nayo inamwambia kila mtu.

*

Tulimzika Ijumaa, saa tisa alasiri. Kata nzima ilikuja. Harufu ya mlima ilikuwa bado nguoni mwetu, hata kanisani ilitufuata, na mchungaji alikohoa katikati ya sala.

Kwa mujibu wa taratibu, amri ya Mizani husomwa hadharani ndani ya siku tatu, na msomaji ni msoma moshi. Mwenyekiti wa kijiji alininong'oneza kwamba tusome palepale makaburini, watu wameshakusanyika, tusiwasumbue mara mbili. Nikasimama kando ya shimo na karatasi yangu. Nikasoma kwamba moto namba mia moja na kumi na nne uliwashwa na marehemu Ndahani Msanjila, na kwamba ulimshinda kuuzima. Kwamba kaya yake itaondoa mizinga yote iliyosalia ndani ya siku arobaini, na haitakanyaga pori kwa miaka saba. Nilisoma vizuri, kama mtoto anayesoma risala.

Sechelela alikuwa amekaa mkekani na akina mama. Aliposikia neno mizinga alianza kulia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mlimani.

Wakaleta jeneza. Na hapo Kalunde, aliyekuwa amejitanda kanga mwisho wa umati, akatoka, akapasua watu, akaruka ndani ya kaburi.

Watu wakashusha pumzi. Wenyeji mnajua: mtani akifika msibani ana haki yake. Anaweza kulala kaburini na kusema limemfaa, anaweza kumwigiza marehemu, anaweza kuzuia maziko mpaka aridhike. Waliofiwa wanahitaji kucheka kidogo ili moyo usipasuke, na mtani ndiye aliyepewa kazi hiyo. Tena neno la mtani msibani halipelekwi baraza lolote. Ukilijibu kwa utani, limekwisha.

Kalunde alijilaza huko chini akasema pana ubaridi mzuri, Ndahani akatafute pengine. Akamwigiza mjomba anavyogombana na nyuki, anawaambia wao ni wapangaji tu. Ilikuwa yeye kabisa, hata namna alivyokuwa akiinamisha bega la kushoto. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Mwenyekiti akanipiga kiwiko, nami nikatoa langu, nikamwambia Kalunde siku zote alikuwa anatafuta nyumba ya bure na leo kaipata. Wakacheka zaidi.

Kalunde akakaa kitako, udongo umemjaa nywele.

"Jumatano saa kumi," akasema, "nilikuwa chini ya mlima, nafuata bomba linalovuja. Haja ikanibana. Nikachuchumaa nyuma ya kichuguu."

Wakacheka. Bibi mmoja akamwambia aendelee, hapo ndipo patamu.

"Nikasikia mtu anakuja. Nikajibana, maana mtu huyo akiniona ningetangazwa kata nzima. Akapita na mwenge. Anagusa nyasi, anaruka hatua kumi, anagusa. Anapiga mluzi."

Kicheko kikaanza kupungua, kutoka waliokaa karibu kuelekea waliokaa mbali.

"Nikamwacha apite. Moto ulipoharibika nikajiambia atasema mwenyewe, si desturi yake kuficha. Jana nikangoja. Leo nimengoja mpaka umemaliza kusoma." Akainua uso. Hakuwa anacheka tena, ila sauti yake ilikuwa ileile ya utani, nyepesi. "Mtu mwenyewe ni wewe, Yoeli. Haya, mimi ni mtani wako. Nijibu, watu wacheke, tumzike mzee."

Wote wakanigeukia. Hakuna uso uliokuwa na hasira. Walikuwa wananingoja tu, kaya mia nne, wengine tayari wameweka tabasamu mdomoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniona nimekosa jibu.

Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo hata mawili, na lile la kichuguu lingewavunja mbavu.

Pale mkekani, Sechelela aliacha kulia ili asikie vizuri nitakachosema.